Wifi na Ukumbi Usio na Nguzo

Siku wakwe zangu walipokuja nyumbani kwetu kunitazama, wifi hakunitazama mimi. Alitazama dari. Wenzake wanasifia vitambaa vya meza, yeye shingo juu, kisha akamwambia baba yangu bila hata kukohoa, "Baba, ile boriti ya pili imechoka. Ibadilishe kabla ya mvua." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba akaibadilisha, na fundi alipoishusha akakuta mchwa wameimaliza ndani, limebaki ganda. Tangu hapo baba akipiga simu humuulizia wifi kwanza, mimi mtoto wake wa kumzaa baadaye.

Wifi ni injinia wa majengo. Mimi ni karani wa mapokezi katika ofisi hiyohiyo; kazi alinitafutia yeye, na hachoki kunikumbusha. Kutwa yuko mbele ya kompyuta anachora majengo ambayo bado hayapo. Kila boriti anaichora kama mstari, anaubebesha mzigo, kisha programu inaukata mstari vipande vidogo vidogo na kupiga hesabu ya kila kipande. Jibu linakuja kwa rangi: buluu ni salama, nyekundu ni balaa. Anajiamini mpaka anaudhi. Ukimuuliza kama ana uhakika, anakujibu, "Wewe una uhakika unaitwa nani?"

Sasa, binti yangu hasikii, tangu akiwa mchanga. Anasoma shule ya viziwi, na ofisi yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kuchora ukumbi wao mpya, wenye madarasa juu yake. Wifi aliweka msimamo tangu kikao cha kwanza: hakuna nguzo katikati ya ukumbi. "Hawa watoto wanasikia kwa macho," alimwambia mkurugenzi wetu. "Ukisimamisha nguzo, kila aliyekaa nyuma yake umemziba masikio." Boriti ndefu za chuma zingevuka ukumbi mzima, kutoka ukuta hadi ukuta. Mkurugenzi akakubali, na mimi nikatembea kifua mbele wiki nzima kana kwamba nimezichora mimi.

Basi asubuhi moja majibu yakatoka, na ukumbi wote ulikuwa mwekundu. Mkurugenzi akamwita wifi. Niliwapelekea chai, na sitaki kudanganya, baada ya kuiweka mezani sikutoka.

"Injinia, boriti zako zinapinda kama kamba ya kuanikia nguo," mkurugenzi alisema. "Mwalimu mkuu anakuja mchana. Itabidi nimwambie tunaweka nguzo katikati, safu nzima."

Akilini nilimwona mwanangu amekaa nyuma ya zege, akiwaangalia wenzake wanacheka asijue wanacheka nini.

"Hizo boriti haziwezi kupinda hivyo," wifi alisema.

"Kompyuta inasema zinapinda."

"Kompyuta imejibu nilichoiuliza. Kwa hiyo nimeiuliza vibaya. Nimekosea mahali, bosi, na kabla mwalimu mkuu hajafika nitakuwa nimepajua."

Nimeona watu wengi wakikiri makosa, lakini sijaona mwingine anayekiri kwa majigambo vile.

Nikamfuata mezani kwake. Simu za mapokezi zilie zenyewe. Akafuta boriti zote akabakiza moja, akaibebesha mzigo, akavuta karatasi na kupiga hesabu ya boriti hiyohiyo kwa mkono. Karatasi ikasema itapinda kidogo tu, usiweze hata kuona kwa macho. Programu ikasema itapinda vibaya. Majibu mawili yalitofautiana kabisa.

"Afadhali," akasema.

"Afadhali ya nini? Mtoto wangu anakwenda kukaa nyuma ya nguzo, wewe unasema afadhali!"

"Mtoto wako mimi ni shangazi yake. Kosa liko kwenye mchoro, si kwenye boriti. Ukinipigia kelele nitakurudisha mapokezi."

Akabonyeza mahali, na ile mistari ikavaa unene wake, boriti zikaonekana zilivyo hasa. Wifi akaangua kicheko. Zilikuwa boriti zenye umbo la herufi I, na zote zilikuwa zimelala kwa ubavu.

Mkurugenzi alipokuja kuona kulikoni, wifi alichukua rula kwenye dawati lake, akailaza bapa kati ya vitabu viwili na kuibonyeza kwa kidole. Ikabonyea. Akaisimamisha kwa ukingo, akabonyeza tena, rula haikutikisika.

"Mstari una mwanzo na mwisho tu," akaeleza. "Haujui juu ni wapi. Lazima uiambie programu boriti imesimama upande gani. Usipoiambia, inajichagulia yenyewe, na hii imechagua kuzilaza."

"Nani hakuiambia?"

"Mimi, bosi. Nani mwingine anachora humu ndani?"

Akazisimamisha, akapiga hesabu upya. Wekundu ukaisha. Mkurugenzi akaweka karatasi kando ya skrini, akalinganisha, akataka waongeze mzigo. "Weka watoto wa madarasa yote ya juu, wanaruka kwa pamoja." Wifi akawaweka. Buluu ikabaki buluu.

Mwalimu mkuu alipofika aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiandaa kwa habari mbaya, nguzo zitakuwa ngapi. "Hakuna hata moja," wifi akajibu, na akamwomba akae.

Ukumbi ulipokamilika wazazi tuliitwa kuuona. Wifi aliingia shingo juu kama kawaida yake, akazikagua boriti moja moja kwa mikono nyuma, kama mama mkwe anayekagua vyombo. Mimi nilisimama mlangoni. Watoto walijaa mle ndani, mikono yao yote ikiongea kwa pamoja, na sikuona kitu chochote kilichosimama kati yangu na ukuta wa mwisho. Binti yangu alikuwa kule, kona ya mbali kabisa, nyuma ya wenzake wote. Akanitafuta kwa macho, akanipata. Akainua mikono juu ya vichwa vyao akaniuliza, "Mama, mbona unalia?"