Wasaidizi Wanane wa Malsun

Soko letu la Jinju, huku Korea, lilikuwa na wapishi wawili wa songpyeon, vile vikeki vya mchele vyenye ufuta na sukari ndani. Mmoja alifunga duka kiangazi kile, na wateja wake wote wakamwangukia Bang Malsun, jirani yangu. Mimi nakamua mafuta ya ufuta mlango wa pili.

Malsun ni mjane. Mwanawe wa pekee, Gyucheol, ni baharia, na hawakuwa wameonana kwa miaka miwili. Chuseok hiyo, sikukuu yetu ya mavuno, meli yake ingetia nanga bandari ya Yeosu jioni ya mkesha na kung'oa alfajiri. Malsun alikuwa ameshakata tiketi ya basi la mwisho la jioni, akaibandika ukutani juu ya jiko.

Asubuhi ya mkesha wateja walijazana mlangoni wakinung'unika. Malsun hakuinua kichwa. Aliniambia kwamba asipokula wala kukaa, ataliwahi basi lake. Ndipo akaingia Ma Deoksu, mwenyekiti wa soko, na wanawake wanane wa kanisani kwake nyuma yake.

"Mikono mingi kazi haba, Mama Gyucheol! Saa nane uko njiani!" Akajipigapiga kifua, akaenda zake kunywa kahawa.

Wale wanawake, kabla ya kunawa, wakaulizana umri kama ilivyo ada kwetu, maana mdogo hamkosoi mkubwa. Malsun akatokea kuwa mdogo wa wote.

"Basi wewe ni mdogo wetu," alisema Dada Pilnyeo, mkubwa wao. "Tuonyeshe kidogo tu. Kufinyanga unga nani hajui?"

Hawakujua. Ufuta waliujaza hadi ukafurika, kingo hawakuzibana, na vikeki vya sinia la kwanza vikapasukia vyote kwenye mvuke. Malsun alilitazama.

"Mnafanya vizuri, dada zangu," alisema. "Labda ufuta upungue kidogo..."

"Aa, mama mkwe wangu alijaza hivihivi, na hakuna aliyekufa!"

Wote wakacheka. Nikamvuta Malsun pembeni. "Waambie wanaharibu!"

"Nimwambie Dada Pilnyeo? Ana miaka sabini na mbili. Mwambie wewe."

Mimi nina sitini na moja. Nikafyata ulimi.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa hata nahodha hakuwepo, maana aliyejua kazi ndiye aliyekuwa mdogo. Malsun alikuwa akichukua masinia yao kwa tabasamu, anayapeleka nyuma ya pazia, anavifumua vikeki kimoja kimoja na kuvifinyanga upya. Akirudi, huyu anauliza maji kiasi gani, yule majani ya msonobari ya kutandika sufuriani yako wapi, mwingine anataka kiti kwa ajili ya goti lake. Na sufuria ya mvuke ilikuwa ile ile moja, haikuzaa nyingine kwa sababu watu wameongezeka. Hasira zilinipanda mpaka nikaimwaga chupa nzima ya mafuta yangu mwenyewe.

Alasiri mikono yao ilianza kuzoea. Vikeki vikatoka vidogo, vimefungwa vyema, vinang'aa. Sinia la mwisho, jioni, hata Malsun asingeweza kulifanya vizuri zaidi. Lilipoingia kwenye mvuke, basi la Yeosu lilikuwa limeshaondoka.

"Unaona? Sasa tumeijua!" alisema Dada Pilnyeo akijifuta mikono. "Mwakani tuite tena, mdogo wetu." Wakaondoka kwa furaha, kila mmoja kwake, kwa wana na wajukuu wao. Wateja nao wakaondoka na mizigo yao.

Nikaenda kumsaidia kufagia. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha goti, anakula vikeki vilivyopasuka, tiketi bado iko ukutani. Nilitaka kumkumbatia, lakini Malsun si mtu wa kukumbatiwa. Simu ikalia. Kwa jinsi soko lilivyokuwa kimya, niliisikia sauti ya Gyucheol nikiwa mlangoni.

"Mama, niko hapa kituoni Yeosu. Basi limeshaingia, abiria wameshuka wote. Uko wapi?"

Malsun alilimeza tonge lake kwanza, akakohoa, akaichangamsha sauti.

"Nisamehe, mwanangu. Nimeshindwa kutoka. Watu wamejaa hapa, hata pa kukaa hakuna."

Nikasimamisha ufagio, Gyucheol asije akausikia.