Bili ya Simu ya Baba Mkwe

Mimi ni mwoga, wala sioni aibu kusema. Lakini woga wa siku ile bili ilipoletwa nyumbani kwetu Mbugani sijaupata tena, hata siku ya kujifungua mapacha.

Nilikuwa na miaka miwili ya ndoa. Biashara ilipofanywa huria, mume wangu alikwenda Dar es Salaam kuuza mitumba, akaniacha kwa wazazi wake, kwenye nyumba ndogo ya uani. Baba mkwe alifanya kazi bandarini Itungi, na sebuleni kwake kulikuwa na simu. Sisi Wanyakyusa, mkamwana anamkwepa baba mkwe wake. Akipita nachutama pembeni najifunika kanga. Usoni simtazami, simsemeshi, jina lake silitaji, na sebuleni kwake sikanyagi.

Na mimi nilikanyaga. Jirani mmoja aliyetoka Dar alininong'oneza kwamba mume wangu ana mwanamke Manzese. Basi tangu hapo, baba mkwe akishakwenda kazini na mama mkwe yuko sokoni, naingia sebuleni, nanyanyua simu, namwomba opereta aniunganishe na duka la karibu na kibanda cha mume wangu. Huko wanakwenda kumwita, mimi nasubiri, dakika zinahesabiwa. Karibu kila siku. Wivu hauna akili, msinicheke.

Bili niliipokea mimi. Nikasoma fedha inayodaiwa. Ilizidi mshahara wa baba mkwe wa mwezi mzima, na Itungi siku zile watu walikuwa wakipunguzwa kazi. Nikajua wakigundua ni mimi, na niliingia wapi, nitarudishwa kwetu Matema nikafinyange vyungu na mama, na ndoa yangu ndiyo basi. Nikaifutika bili kwenye kanga, nikaenda ofisi ya simu kuomba wapunguze.

"Jina la mwenye simu?" karani aliuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole kwenye karatasi.

"Dada, nimekuuliza jina. Hii bili umeiokota?"

Karani kwao Tanga, mila zetu angezijulia wapi? Na nyuma yake alikaa opereta, ambaye sauti yangu aliijua vizuri sana. Nikabaki nimesimama kama mwizi.

Mama aliyekuwa akifagia ndiye aliyeniokoa. "Hawezi kulitaja, baba. Ni la mkwewe."

"Basi aje huyo mkwe mwenyewe."

Nageuka nitoke, nasikia kikohozi mlangoni. Kikohozi kile nilikifahamu. Baba mkwe alikuwa amesikia bili zimetoka, akapitia kuchukua yake. Nilichutama pale pale, uso ukutani, kanga kichwani.

Karani akampa ile bili niliyoiacha dirishani. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Kisha baba mkwe akaanza kuomba, taratibu, kwamba miaka yote hajawahi kuchelewa kulipa, kwamba wamfikirie.

"Mzee, kuna njia," karani alisema. "Simu zote hizi ni za asubuhi, na wewe asubuhi uko Itungi. Sema hukupiga wewe. Tutaandika malalamiko, opereta ataeleza aliongea na nani, na mkubwa wetu anaweza kufuta hata nusu."

Nilifumba macho. Nilisikia viatu vyake vikigeuka upande wangu, vikatulia. Halafu vikageukia tena dirishani.

"Nilipiga mimi," alisema. "Andika nitalipa kidogo kidogo."

Alilipa karibu mwaka mzima. Aliuza baiskeli, akawa anakwenda Itungi kwa miguu, nami kila alfajiri nalala nikisikiliza akiondoka. Mume wangu aliporudi nikajua mwanamke wa Manzese hakuwapo, ni maneno tu ya jirani. Nilitaka kumwambia baba mkwe ndaga, asante yetu, lakini ningemwambiaje? Nikimtuma mama mkwe, ataniuliza ni asante ya nini. Kwa hiyo nilinyamaza, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano.

Alipofariki, mama mkwe alinishika mkono akaniingiza sebuleni nimuage. Nikafunua kanga, nikasema ndaga, nikamtazama usoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.