Marehemu Aliyenipima Suruali

Nimewahi kupimwa suruali na marehemu.

Tena si marehemu wa ndotoni. Huyu alikuwa na pini mdomoni, chaki nyuma ya sikio, na mkono mzito wa kunizungusha kama gunia.

"Geuka. Simama wima. Usibane tumbo, mwanangu, suruali haidanganywi."

Mnaotaka kucheka, chekeni. Mimi siku ile sikucheka.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, sosholojia. Mwaka huo nilikuwa nimeshaurudia mara moja, na barua ya chuo ilisema wazi: safari hii usipowasilisha utafiti wako ukakubaliwa, funga virago. Hakuna mara ya tatu. Na huko nyumbani mama alishawatangazia ndugu wote kwamba mwanawe anamaliza. Shangazi alishachagua kitambaa cha nguo ya mahafali. Yaani nikifeli, nafeli na ukoo mzima.

Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja tuliyemwita Dokta tu. Chuoni madokta walikuwa tele, lakini ukisema "Dokta anakuita" hakuna aliyeuliza yupi.

Hakuwa na mchezo. Unampelekea kurasa arobaini ulizozitolea jasho, anazirudisha na maneno matatu pembeni:

"Nani kakuambia hivi?"

Basi. Anaendelea na chai yake.

Dokta alijulikana kwa tasnifu moja aliyoiandika ujanani, miaka ishirini na mbili nyuma, kuhusu maisha ya fundi cherehani mmoja wa kike. Humo anamwita Mshonaji. Idarani kwetu hakuna aliyemaliza bila kuisoma. Ukurasa wa mwisho unasema Mshonaji alifariki kabla kazi haijakamilika. Kila mwaka, kipindi cha kwanza, Dokta alilisimamisha darasa zima la mwaka wa mwisho dakika moja, kimya, kumkumbuka.

Mimi niliyerudia mwaka nimemsimamia mara mbili.

Mada yangu alinipa yeye mwenyewe. Nikawatafute ndugu wa Mshonaji, nione familia inamkumbukaje fundi wake. Nilipewa miezi mitano. Mtaa wa zamani ulishavunjwa, watu wakahama, kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine asiyejua. Na nisiwadanganye, miezi mitatu kati ya hiyo mitano nilikuwa nimelala.

Zikabaki siku tisa.

Siku hiyo niko maktabani, nikachuchumaa kuvuta tasnifu iliyokaa rafu ya chini. Nikasikia prraaa!

Suruali yangu pekee ya heshima ilikuwa imepasuka toka zipu mpaka mgongoni.

Nikajifunga sweta kiunoni, nikatokea geti la nyuma, lile la waenda kwa miguu ambalo wahadhiri wenye magari hawalijui. Nikaulizia fundi. Nikaelekezwa chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la kutoa kopi. Mama mtu mzima, sitini na kitu, alikitazama kile kipasuko akasema hakishoneki, nishonewe mpya. Akaanza kunipima.

Kiuno akaandika kwenye daftari. Paja akaandika. Urefu akaandika. Kisha, bila kuinua kichwa:

"Idara gani?"

"Idara ya nini tena, mama?"

"Sosholojia, saikolojia, historia, hizo zenu. Naiandika pembeni."

Nikataka kucheka. Ndipo macho yakashuka kwenye cherehani yake. Kanyagio lilikuwa limefungwa kwa kamba ya kiatu, nyekundu, mafundo mawili. Ukurasa wa nne wa Dokta. Nikaangalia mkono wake wa kushoto. Kovu la pasi, la pembe tatu. Ukurasa wa kumi na moja.

"Mama," nikasema, "wewe si... wewe si umekufa?"

Akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Nani kakutuma?"

Nikamtaja Dokta. Mama yule alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Yule binti! Kumbe kawa dokta? Mwanangu, alikuwa ananijia kila siku. Kila siku! Leo kasahau swali, kesho kaja kuhakikisha. Mimi nina nguo za watu, yeye ana kalamu. Mwisho nikamwambia mdogo wangu, akija yule mwambie nimekufa. Mdogo wangu alikuwa anakata vitunguu, basi machozi hayo hapo, hata hakuhangaika."

"Akaamini?"

"Alikaa kizingitini akalia kuliko wafiwa. Mimi niko dirishani namchungulia. Nikataka kutoka." Akachoma pini moja kwenye kitambaa. "Lakini utatokaje, na umeshakufa?"

Baadaye akahamia pale, nyuma ya chuo. Akaona ameruka majivu, kumbe amekanyaga moto. Wanafunzi waliopita na hojaji zao walikuwa hawahesabiki.

"Nimewazoea," akasema. "Nyinyi wa sosholojia mnapenda wajane. Wa saikolojia wanataka niwe naota vibaya. Wa historia wanataka zamani palikuwa na raha. Wale wa isimu hawajali nasema nini, mradi niseme."

"Na wewe unawaambia nini?"

"Wanachotaka! Watoto wa watu wanahangaika, wanataka wamalize. Kila mtu anakuja hapa na jibu lake mfukoni, anatafuta mdomo wa kulisemea tu. Mimi nawaazima mdomo. Na wewe unatafuta nini?"

"Ndugu wa marehemu."

"Binti yake atakufaa?"

"Kumbe una binti?"

"Sina. Nitakuwa mimi." Akachukua chaki sikioni kama anayetaka kuandika. "Unamtaka wa kulia au jasiri?"

Jamani, hapa ndipo akili ilipohama nyumba. Ningeweza kukimbia moja kwa moja kwa Dokta. Lakini nikaona siku tisa, nikaona shangazi na kitambaa chake.

"Jasiri," nikasema. "Ila mwishoni alie kidogo."

Nilimrekodi kwa simu saa mbili nzima. Fomu ya ridhaa aliisaini bila kuisoma, alishaijua kwa moyo. Na nawaambia, sijawahi kusikia maneno kama yale. Alisimulia jinsi "mama yake" alivyokuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anawaza watoto wa shule wanaopita na mikoba. Nikasahau kabisa kwamba huyo binti hayupo.

Nikamsimulia mwenzangu wa chumba. Anasoma sheria, tunamwita Wakili. Akafikiri, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo una mtu mmoja ambaye hajafa na mtu mmoja ambaye hajazaliwa, na wote wamekusainia fomu. Mimi sijasikia kitu. Na kama nimesikia, nilikuwa nimelala."

Nikaandika, nikapeleka kwa Dokta.

Alisoma mbele yangu. Ukurasa wa kwanza akanywa chai. Ukurasa wa pili akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Nikasubiri "Nani kakuambia hivi?" Haikuja.

"Huyu binti namtaka Ijumaa," akasema. "Aje kwenye uwasilishaji. Mwalike."

Nikaitikia kwa kichwa.

Kisha akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imeanza kutoboka.

"Maswali niliyomuuliza mama yake. Yako ishirini. La kumi na tisa hakunijibu, nikarudi mara nne kwa hilo moja tu. Mara ya tano nikaambiwa amekufa." Akaikunja tena taratibu. "Mpaka leo huwa nadhani nilimchosha, nikamuua."

Hapo ndipo nilipoacha kuiona hadithi hii ni ya kuchekesha. Niliona aibu. Mwanamke wa watu amebeba kifo kisichokuwepo miaka ishirini na mbili, na mimi namwongezea yatima.

Nikaenda kwa Mama Fundi kumwomba asije. Hakutaka hata kusikia.

"Nimealikwa chuoni na Dokta mwenyewe nikatae? Nakuja. Na suruali nitakuletea hukohuko."

Ijumaa ikafika.

Ukumbi ulijaa. Jopo la watatu limekaa mbele, Dokta mstari wa kwanza pembeni yao. Mama yangu yuko katikati na shangazi, wamependeza kama wenye harusi. Mimi niko mbele nimefunga sweta kiunoni kuficha ile suruali iliyopasuka. Nyuma yangu ukutani, kwa herufi kubwa: BINTI WA MSHONAJI.

Mlango ukafunguliwa. Mama Fundi akaingia na mfuko mkononi, akakaa mstari wa nyuma kabisa, akanipungia.

"Anza, kijana," akasema mwenyekiti wa jopo.

Nikafungua mdomo. Nikamwangalia mama yangu, anatabasamu. Nikamwangalia Dokta. Mkononi alikuwa ameshika ile karatasi iliyokunjwa.

Ikabidi nichague nani nimuumize.

"Waheshimiwa," nikasema, "Mshonaji hana binti. Haya mahojiano tumeyapika, na mpishi mkuu ni mimi. Tena Mshonaji hajafa. Ndiye yule mstari wa nyuma mwenye mfuko. Humo ndani ya mfuko kuna suruali yangu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikamsikia mama, "Yesu na Maria!", na shangazi akimwambia atulie, labda ndivyo wanavyofundishwa siku hizi.

Mama Fundi akasimama amekasirika kweli. "Sasa mwanangu, mbona unaniharibia? Nilishajiandaa kulia!"

Dokta naye akasimama.

Kicheko kikakatika. Akatembea kutoka mbele mpaka nyuma, hatua kwa hatua, na kila mtu pale aliamini kuna kofi linakuja. Akafika. Akaikunjua ile karatasi.

"Mama," akasema, "swali la kumi na tisa hukunijibu."

Hakushangaa hata kidogo. Mimi ndiye niliyeshangaa.

"Bado unalo tu?" Mama Fundi akauliza, sauti imeshuka.

"Ninalo. 'Kama ungeanza maisha upya, ungependa uwe nani?'"

Mama Fundi aliuzungusha utepe wake wa kupimia kidoleni, akauzungusha, mpaka ukaisha.

"Wewe," akasema.

"Abee?"

"Ningependa niwe wewe. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu, una kalamu, unauliza watu wazima maswali na wanakujibu. Mimi darasa la tano nilitolewa shule nikakalishwa kwenye cherehani. Siku ile ningekujibu, ningelia mbele ya mtoto. Nikaona kufa ni rahisi."

Dokta akakaa chini, palepale kwenye ngazi ya ukumbi, na sketi yake ya heshima. Mama Fundi akakaa pembeni yake. Wakalia wote wawili, na safari hii kitunguu hakikuwepo.

Mimi nimesimama mbele na sweta langu, hakuna anayenikumbuka.

Jopo lilinifelisha ile kazi, na ilikuwa haki. Jioni Dokta akaniita ofisini.

"Nilijua toka ukurasa wa pili," akasema. "Binti hawezi kujua mama yake anawaza nini anapotunga uzi. Anayelijua hilo ni mwenye sindano."

"Sasa Dokta, kwa nini ulinyamaza?"

"Yeye nilishampata. Nilikuwa nakusubiri wewe. Ungesema 'binti' pale mbele, virago vyako ningevifunga kwa mikono yangu." Akasukuma mezani karatasi ya kuniongezea muda, imesainiwa na jopo zima. "Una wiki sita. Andika kitu cha kweli."

Nikaandika. Kumbe kitu cha kweli kilikuwa kwenye lile daftari la vipimo. Kushoto kiuno na urefu wa kila mwanafunzi aliyepita pale, kulia idara yake na jibu alilokuja kulitafuta. Mama Fundi alikuwa anatutafiti muda wote, sisi tukidhani tunamtafiti yeye. Jina lake halisi liliandikwa ukurasa wa kwanza kabisa, juu ya langu.

Mwaka uliofuata, kipindi cha kwanza, Dokta hakumsimamisha mtu. "Kaeni," alisema. "Niliandika kifo cha mtu kwa kuambiwa kizingitini. Sikuomba hata kuonyeshwa kaburi." Kisha akamkaribisha marehemu atoe mhadhara. Mpaka leo nasikia anaenda, na karatasi ya maswali anayo yeye.

Somo nililolipata ni dogo. Ukimuuliza mtu, mwachie nafasi ya kukujibu usichokitaka. Na akikataa kujibu, usidhani hana jibu.

Nilipita, kwa kujikwaa, lakini nilipita. Siku ya kuwasilisha mara ya pili nilivaa suruali ya Mama Fundi, imenikaa kama nimezaliwa nayo. Nikataka kuweka simu mfukoni. Nikapapasa kulia. Nikapapasa kushoto. Nikapapasa nyuma.

Nikamfuata mstari wa kwanza alipokaa na Dokta. "Mama, umesahau mifuko!"

Akanitazama juu mpaka chini, kwa jicho la fundi.

"Sijasahau. Ulitaka uweke nini, majibu?"