Muziki Aliomfunika Nao Mama

Watu husema yaliyopita si ndwele. Kwangu ni ndwele, tena sugu.

Bosi wangu wa zamani, mwenye duka la kompyuta Masasi, alikuja kwetu Makote kumrekodi mama akifinyanga mitungi. Mama alifinyanga huku akiongea Chimakonde mwanzo mwisho, ndivyo alivyozoea. Bwana yule Chimakonde hakijui. Akasema hizo ni kelele, akaiondoa sauti ya mama, akaweka muziki wa kinanda. Kwenye tovuti yake akajiandika yeye ndiye mtaalamu wa ufinyanzi. Loo!

Kibaya zaidi, video ile haikufunguka mpaka uwe na kiprogramu cha kuongezea, na simu yangu ilikikataa. "Nionyeshe basi mikono yangu," mama aliniambia kila nikienda kumsalimia. Nikamwomba bosi anipe video yenyewe, akacheka. Mama akafa hajajiona. Nilimchukia yule mtu, na sioni haya kusema.

Kisha vile viprogramu vikaachwa dunia nzima. Tovuti yake ikabaki na kisanduku kitupu pale palipokuwa na video. Akanipigia, mpole ghafla: "Dada yangu, nasikia siku hizi wewe ndiye fundi wa mambo haya." Nikamwambia anitumie video halisi, yenye sauti ya mama. Akatuma.

Siku hizi ukurasa wa mtandao hauhitaji nyongeza yoyote. Unaandika mstari mmoja wa video, vitufe vichache, basi. Hata simu iliyopasuka kioo inafungua. Nikaweka kitufe kwa kila hatua: kuponda udongo, kufinyanga, kuchoma. Ukibonyeza, mama anaongea mwenyewe. Jina lake nikaliweka juu. Chini yake nikatafsiri kwa Kiswahili kila alichosema, sikuacha kitu.

Bwana yule alipoona picha inacheza, akawatumia wateja wake wote kabla hajasoma. Kumbe kwenye kuponda udongo mama anasema: "Mtu mzima huyu, kaingia uani hata shikamoo hana, na viatu vyake kaukanyaga udongo wangu. Kwao hawakumfunza?"

Walicheka Masasi, wakacheka Newala. Nami nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Akanipigia akifoka niyafute maneno yale. Nikamwacha afoke mpaka akachoka. Kisha nikamwambia aende Makote akamwombe mama ruhusa. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba.