Boriti Isiyopigiliwa Misumari

Mimi ni mwoga, na sijawahi kuona haja ya kuficha. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa malori yanayoshuka kutoka Uyole na breki za kubahatisha. Lakini woga wa siku ile kule Ziwa Ngozi ni mwingine kabisa. Sasa nina wajukuu, na bado nikiuwaza viganja vinanitoka jasho.

Ilikuwa miaka ya ruksa, nchi ilipoanza kufunguliwa. Wageni wenye mabegi mgongoni walikuwa wameanza kuja kwa wingi kuliona lile ziwa lililojificha ndani ya mlima, na kila kiangazi watu wa misitu walichukua vibarua wa kufyeka njia, kuchonga ngazi kwenye udongo na kufunga boriti za kushikia kule juu ukingoni, ambako ukikosea hatua moja unakwenda ziwani moja kwa moja. Mume wangu alikuwa Chunya akitafuta dhahabu ambayo hakuipata. Nikajiandikisha. Kumbe na baba mkwe naye kajiandikisha, kuongoza wageni.

Asiye wa kwetu nimweleze. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake, hapiti mahali alipo. Kwa Kinyakyusa tunasema anamwogopa, basi. Ukivunja, walisema wazee, tumbo lako ndilo litakaloadhibiwa. Na mimi mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika. Siku ile mama mkwe hakuniuliza nilikula nini wala nilibeba nini. Aliniuliza, "Hukukutana na baba yenu njiani?" Kiangazi ninachokisimulia nilikuwa na mimba nyingine, ya miezi minne.

Kikosi kizima kilijipanga kwa ajili yetu. Gari lilipotuchukua Kyimo asubuhi, yeye alikaa mbele na dereva, mimi nyuma nimejifunika kanga. Huko msituni, kabla ya kila kona alikohoa kwa nguvu, nami nikisikia naingia porini hadi apite. Mwenzangu wa kazi, mama mmoja Mwislamu wa Bulyaga ambaye siku nyingine aliuza mitumba, alituona vituko vitupu.

"Mdogo wangu, huyu baba mkwe wako ana kifua au ana adabu?"

"Vyote viwili," nikamwambia.

"Sisi mkwe tunampelekea chai na maandazi. Nyie mnakimbiana kama mna kesi."

Siku yenyewe ukungu ulikuwa umekaa kitako. Tulikuwa tunabadilisha boriti iliyooza pale pa kusimama kutazama ziwa. Misumari ikatuishia, mwenzangu akashuka kuifuata kwenye gari. Mimi nilikuwa nimeshailaza boriti mpya juu ya nguzo zake mbili, imetulia, ukiiona unasema kazi imekwisha. Hapo nikasikia kikohozi.

Kazi yetu ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna asiyeijua: usiondoke mahali pasipokamilika bila kulaza tawi njiani. Lakini kikohozi kilikuwa karibu mno, maana ukungu ulikuwa umevimeza vile vya mwanzo. Nilikurupuka. Nikajitupa nyuma ya kichaka, kanga usoni, huku najisifu kwamba nimewahi. Halafu nikaikumbuka boriti.

Nikafunua kanga. Alikuwa na Wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, na alikuwa amekwisha fika. Wenzangu walishaniambia desturi yake: akifika pale huwageukia wageni, huegemea kwa mgongo, ndipo huanza kusimulia habari za ziwa. Nilimwona anasimamisha fimbo yake kando na kugeuka.

Sitadanganya. Niliyemfikiria kwanza hakuwa yeye. Nilijishika tumbo kwa mikono miwili nikawaza, ni mtu mzima, ataona mwenyewe kwamba haina misumari. Nikawaza pengine mwenzangu atatokea. Niliwaza kila kitu isipokuwa kufungua mdomo, na jambo hilo linaniaibisha mpaka leo.

"Usiegemee!"

Sauti ilinitoka nyembamba. Akageuza kichwa kidogo, kisha akaendelea na maneno yake. Miaka minne nimeishi hatua chache kutoka mlangoni kwake, na sauti yangu hakuijua. Nadhani alifikiri ni vibarua wanaitana. Mgongo ukaanza kurudi nyuma.

Sikumbuki kutoka kichakani. Nakumbuka kola ya koti lake mikononi mwangu, nzito, imelowa, na sisi wawili tukianguka kwenye tope la njia. Boriti ilikuwa imekwenda. Tuliisikia ikivunja matawi, chini, chini zaidi, kisha kimya. Yule mama wa Kizungu akaanza kulia.

Baba mkwe alifumba macho. Mzee mzima amelala kwenye tope, kofia imemtoka, ameyakaza macho asinione, na alibaki hivyo hadi nilipoinuka nikarudi kichakani. Huko nikamsikia anasema polepole, kama anaiambia njia, "Ndaga." Ndiyo asante yetu, na ndiyo pole yetu pia.

Hakusema nyumbani, na mimi sikusema. Miezi mitano niliishi kwa hofu tupu. Kila mgongo uliponiuma nilijua ndiyo hayo sasa. Mtoto akitulia tumboni nilikunywa maji ya baridi ili ashtuke, acheze, nijue yupo.

Alizaliwa msichana, mzima, mkali, kilio chake kinavuka migomba. Mama mkwe alikuwa anamwogesha aliponiambia, "Baba yenu leo amekula mchana."

"Kwani alikuwa hali?"

"Tangu mlipokuwa kule Ngozi. Jua likichomoza mpaka lizame, hata maji hagusi. Nikimuuliza anasema ana jambo anamwomba Mungu. Leo amesikia mtoto analia, akaomba sahani, akala. Wewe unajua ni jambo gani?"

"Sijui, mama," nikasema, nikamwinamia mtoto ili mama mkwe asiuone uso wangu.