Kuni za Mzee Mihambo

Siku moja naikumbuka kwa aibu, mwanangu, hata leo nikiitaja natazama chini: siku niliyomnyang'anya Mzee Mihambo kuni zake.

Enzi hizo za Mwingereza, hapa Tabora walikuwapo wazee waliokuwa wapagazi wa misafara. Walibeba pembe za ndovu kutoka huku kwetu mpaka pwani. Reli ilipokuja kazi ikaisha, na wengine ujana wao uliishia njiani, hawana mke wala mtoto. Walilala kwenye vibaraza vya maduka. Kina mama wa kanisani kwetu, Cheyo, wakasema hapana, hii ni aibu yetu. Tukakanyaga udongo, tukajenga vyumba vinne, tukaezeka nyasi. Mihambo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia.

Mimi nilikuwa binti wa kuwapikia, na kiherehere changu unakijua, hakijaisha mpaka leo. Kila asubuhi Mihambo alikwenda porini na kurudi na kuni begani, mguu mmoja akiuburuta. Jumapili moja, watu wanatoka ibadani, nikamkimbilia nikamvua mzigo mbele ya wote.

"Babu, pumzika! Hapa huna kazi tena."

Watu wakanisifu. Nami nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Siku ile hakula. Kesho yake chumba chake kitupu.

Loo, niliogopa! Mguu ule, kiangazi kile, na njia ya Bukene, alikoonekana akielekea, haina maji. Nikafunga unga kwenye kitambaa, nikachukua kibuyu cha maji, nikamfuata. Nilimkuta adhuhuri amekaa kando ya njia, midomo imemkauka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Rudi kwenu."

Nikampa maji, akanywa. Kisha akaniangalia. "Nimebeba pembe mpaka pwani. Nimeugua njiani, na hakuna aliyenivua mzigo mbele ya watu. Wewe umenivua. Nikae pale ningoje nini? Kufa?"

Nililia, mwanangu, machozi ya kweli. Halafu nikautua ule unga miguuni pake.

"Babu, nimechoka. Nibebee."

Akainuka, akauweka begani, akatangulia. Nikamfuata polepole mpaka Cheyo, na sikumwambia apumzike hata mara moja.

Tangu hapo kila mzee aliyeingia tulimuuliza kwanza anapenda kufanya nini. Mmoja alisuka mikeka, mwingine alichunga kuku, tena kwa ukali! Vyumba vikafika tisa, na Mihambo akapeleka kuni kila mlango hadi juma alilofariki.

Sasa nasikia umemkataza mama yako kwenda shambani. Umefanya kwa upendo, najua. Mlishe, mpeleke hospitali ya Kitete akiugua, lakini jembe lake mrudishie, hata kama atalima tuta moja tu. Ataliweka chini mwenyewe siku yake ikifika.

Mungu akufikishe uzeeni, mwanangu, na huko usikose mtu wa kukuambia: nimechoka, nibebee.