Waya wa Breki ya Mbele

Binti yangu alipopangiwa kazi ya afisa ugani huko Kilosa, aliniomba kitu kimoja tu, pikipiki yangu. Nilimpa siku ile ile. Mke wangu akanisifu, akasema uzee umenilainisha mkono. Mtu aliyemkosea mwenzake kwa siri huwa mwepesi sana wa kutoa.

Tulikubaliana aondoke Kibaha Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, aipite Chalinze kabla jua halijawa kali. Ijumaa asubuhi akaizungusha mtaani ajizoeze, maana alikuwa hajaendesha pikipiki kwa miaka mitatu. Alirudi akiisukuma.

"Baba, breki hamna," alisema. "Nakanyaga mpaka chini, inalia tu kama paka."

"Ya nyuma hiyo imechoka. Twende kwa fundi, haitachukua muda."

"Na ya mbele?"

Nikajifanya natafuta kandambili zangu.

Nilizaliwa Msimbu, kule Kisarawe, kwenye njia za mchanga. Nikiwa kijana nilibeba mihogo kwa pikipiki ya mjomba wangu, nikabana breki ya mbele kwenye kona, nikarushwa juu ya usukani na kuvunjika mtulinga. Waliokuja kuniokota walinicheka kwanza. Pale kwetu kila mwendesha pikipiki alijua kwamba ya mbele haiguswi, inabwaga, na wengi waliifungua kabisa ili mkono usije ukajisahau. Tangu siku hiyo, kila pikipiki niliyoimiliki nilichomoa waya wa breki ya mbele kule kwenye gurudumu, nikaukunja nyuma ya taa na kuufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Mkono wa breki ulibaki kwenye usukani kama pambo. Hii nayo niliifanyia hivyo wiki niliyoinunua, na ndiyo niliyomfundishia binti yangu. Nilimwambia asiiguse ya mbele. Sikumwambia kwamba haifanyi kazi.

Miaka mitatu iliyopita alikuwa anamrudisha mama yake kutoka msibani Msimbu. Kwenye mteremko wa lami, wakikaribia mji wa Kisarawe, ng'ombe wakakatiza barabara. Akakanyaga breki, gurudumu la nyuma likafunga, pikipiki ikaserereka ubavu hadi mtaroni. Yeye alichubuka. Mama yake alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea na mkongojo.

Hospitalini, mbele ya mashemeji na majirani, binti yangu alisema, "Baba, nilibana zote mbili. Ya mbele ilikuja yote mkononi, haikushika."

Nikamjibu kwa sauti ili kila mtu asikie. "Usisingizie breki! Mwendo huo. Nilikukataza mwendo."

Hakulirudia tena neno hilo. Alimwogesha mama yake, akamkanda mguu kwa mafuta ya nazi, na kila Ramadhani ilipoandama alipiga magoti kitandani pale kumwomba radhi. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nasikia.

Ningeweza kuurudisha ule waya. Ni kazi ya dakika kumi. Lakini niliona kwamba kuurudisha ni kukubali kuwa ulihitajika, na nikazoea kujiambia hivyo mpaka nikampa pikipiki ikiwa vile vile. Nimejiuliza mara nyingi kama ningemwacha aondoke nayo hivyo siku ile. Nadhani ningemwacha. Nilishajiambia kwamba ya nyuma ikiwa mpya itamtosha.

Fundi tuliyemwendea ni mtu aliyekuja na wazazi wake kutoka Shinyanga, mikono imejaa grisi na mdomo haufungi.

"Shikamoo mzee. Leo umeniletea mgonjwa au maiti?"

"Marahaba. Breki ya nyuma tu."

Akafungua gurudumu na kutoa brekshuu, zile nusu duara mbili zinazotanuka ndani ya gurudumu na kulisimamisha. Zilikuwa zimelika hadi kwenye chuma.

"Mzee, hizi zimefanya kazi ya watu wawili. Mwenzake yuko wapi?" Akabana mkono wa mbele. Ukaja wote, mwepesi. Akachungulia nyuma ya taa, akaingiza vidole, akautoa waya uliokunjwa pamoja na mpira wake. Akacheka kwa nguvu. "Aisee! Dada, safari yako ya wapi?"

"Kilosa," binti yangu alisema.

"Kwa barabara hii ya Morogoro? Na malori haya? Huyo aliyefunga hivi anataka kukurithi nini?"

"Watakuwa mafundi wa Kisarawe," alijibu. "Waliitengeneza baada ya ajali."

"Basi ndio hao. Watu wa kule wanaiogopa ya mbele kama chatu. Sasa sikiliza, dada. Ukishika breki, uzito wote unakwenda mbele. Ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Mchangani sawa, iguse kwa adabu. Lakini kwenye lami na breki ya nyuma peke yake, utaserereka tu, hata uwe na mwendo wa harusi."

Habari ya uzito kwenda mbele niliisoma kidato cha pili. Niliichorea hata mishale kwenye daftari.

Binti yangu alikuwa anamsikiliza fundi huku akitikisa kichwa taratibu. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Mafundi wa Kisarawe walishalaumiwa, hakuna ambaye angewauliza, waya ungerudishwa na yeye angeondoka salama. Angeondoka salama, ila akiamini mpaka siku ya kufa kwake kwamba ni yeye aliyemvunja mama yake.

"Niliyefunga ni mimi," nikasema.

Fundi akacheka. "Mzee, usijitwishe mizigo ya..." Kisha akatutazama, akainama kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

"Kabla ya ajali au baada?" binti yangu aliuliza.

"Kabla. Tangu nilipoinunua."

Akauchukua ule mpira, akaugeuzageuza. "Kwa hiyo nilibana."

"Ulibana."

"Na nilikwambia."

"Uliniambia, mwanangu. Nilijua unasema kweli."

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia leo. Na mimi nikiwepo."

Nilimwambia baada ya alasiri. Alikuwa mkekani anachambua mchele, mkongojo kando yake. Nilianza na kona ya Msimbu na mtulinga wangu, binti yangu akanikata: "Baba, anza na waya." Nikaanza na waya. Mke wangu hakuinua macho kutoka kwenye ungo mpaka nilipomaliza.

"Miaka mitatu," alisema. "Mtoto ananikanda mguu, analia, ananiomba radhi. Na wewe uko hapo hapo unakunywa chai?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwambia nimemsamehe. Nimemsamehe nini?"

Hapo ndipo alipolia. Akamwita binti yetu akae karibu, akamshika mikono na kumwomba yeye radhi. Kwangu hakurudi tena, wala kwa neno la hasira. Nilibaki nimesimama kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Jioni hiyo binti yangu aliipeleka pikipiki kwenye uwanja wa mpira pamoja na fundi, akajifunza breki upya, mikono kwa miguu. Sikwenda.

Alfajiri nilipotoka msikitini niliwahi kufunga mzigo wake nyuma ya kiti, kwa vipande vya mpira wa tyubu kama nilivyozoea. Alitoka ndani akiwa amevaa kofia ngumu, akasema, "Shikamoo baba." Nikaitikia. Akautazama mzigo. Kisha akaanza kufungua mafundo yangu, moja baada ya jingine, bila haraka. Akatoa kamba ya katani kwenye mfuko, akaufunga mzigo upya mwenyewe na kuuvuta mara mbili kuhakikisha. Mipira akanirudishia mkononi.

Akambusu mama yake mkono. Akaisogeza pikipiki kidogo, akabana mkono wa mbele, ikainamisha kichwa na kusimama. Akabana tena. Ndipo akawasha.

Adhuhuri simu ya mke wangu iliita. Alizungumza kidogo, akaiweka chini.

"Yuko Morogoro."

"Ameniulizia?"

Alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kusema ukweli na si zaidi yake. "Hapana. Amesema ya mbele inashika vizuri. Hakusema nikwambie, lakini nakwambia."